Mtoto anajikuna usiku kucha na nimeshamaliza mafuta yote ya duka

Habari yako sista,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunaishi huku Nakuru upande wa Kaptembwo, na nakuandikia juu nimechoka mpaka sijui nianzie wapi. Msichana wangu Imani anakaribia miaka mitatu. Tangu akiwa mdogo sana mashavu yalikuwa yanakauka na kutoa vipele, nikaambiwa ni joto, halafu nikaambiwa ni meno, halafu kliniki ndio wakasema ni ekzema, wakanipea tyubu ya krimu na kuniambia nisimpake vitu vya harufu. Basi, foleni ilikuwa ndefu nikaondoka.

Sasa iko hivi. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi imekuwa ngumu na nyeusi kuliko mwili wote, hapo ndipo anajikuna mpaka damu. Halafu kuna vipele vidogo vidogo nyuma ya shingo, kwa kiuno pale mpira wa suruali unabana, nyuma ya mapaja, na kuzunguka mdomo. Usiku ndio balaa. Tunalala watatu kitanda kimoja na hakuna anayelala, mimi nimemshika mikono, baba yake anaamka saa kumi aende kazi macho yakiwa mekundu.

Nimejaribu kila kitu sista, losheni ya watoto ya bei, mafuta ya nazi, mafuta ya zeituni, yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, mpaka dawa ya kuua viini nikaweka kwa maji ya kuoga juu jirani alisema ni uchafu. Kila kitu nakipa kama wiki moja, nikiona hakuna kitu naenda kingine. Kemisti fulani walinipea tyubu ndogo wakasema ni tatu kwa moja, hiyo jamani ilifanya maajabu, ngozi ikawa laini kwa siku chache tu, nikaacha, ikarudi na hasira. Nimeinunua tena na tena na sasa nimeanza kuogopa juu kwa mashavu naona kama rangi inapauka.

Kitu kinanichanganya ni Desemba. Tulienda ushago kwa kina baba Imani, Kakamega, tukakaa mpaka shule zikakaribia kufunguliwa, na huko mtoto alipona karibu kabisa! Alikuwa anacheza kwa nyasi na kuku, anaoga kwa karai nje, anapakwa tu mafuta ya kawaida na kukhu yake, yaani nyanyake. Kurudi Nakuru, Januari haijaisha, tukawa pale pale. Sasa mama mkwe anasema kuna mtu ametupia mtoto jicho, amenitumia dawa ya miti kwa chupa ya soda nimwogeshee. Mume wangu naye anasema ni maziwa na mayai, tuache kumpa vyote. Jirani anasema ni maji ya borehole. Mimi nashuku sabuni ya unga, nimebadilisha na kubadilisha na bado.

Nyumba ni ya ploti, vyumba viwili, sakafu ni simiti nyekundu, maji ya mfereji yanakuja siku chache tu kwa wiki, zingine tunanunua kwa mtungi. Nguo zinafuliwa na mama fua Jumamosi, anatumia sabuni ya unga na softena. Mimi hupiga deki kila asubuhi na sabuni ya maji ya lavenda, kwangu ni pasafi wallahi.

La mwisho, niko na mimba ya miezi sita. Huyu anayekuja atapata pia? Kuna kitu naweza fanya mapema?

Mama Imani, Nakuru

*

Mama Imani, pole sana mamangu. Mtu asiyelala anaweza kuamini chochote, kwa hivyo hata kukhu na jirani siwalaumu. Lakini barua yako iko na majibu mengi kuliko unavyodhani, umeniambia vipele viko wapi na vilipungua lini, na hayo ndiyo mtu wa ngozi angekuuliza kwanza kama foleni ingemruhusu.

Kabla tuingie kwa sabuni shika hili: ekzema hailetwi na sabuni. Imani amezaliwa na ngozi isiyoshika maji vizuri, inakauka haraka na vitu vya nje vinaipenya kwa urahisi, mara nyingi kwa familia kama hiyo ukiulizia utapata mtu mwenye pumu ama yule wa kupiga chafya kila msimu wa vumbi. Haiambukizi, watoto wa ploti wacheze naye. Sabuni, vumbi, jasho na sufi vinakuja kuichokoza ngozi ambayo tayari imekauka. Ndio maana ukibadilisha sabuni bila kupaka mafuta ya kutosha huoni kitu, na ukipaka mafuta huku sabuni imebaki kwa vesti pia huoni kitu. Hayo mawili yanaenda pamoja, na wewe umekuwa ukijaribu kimoja kimoja, wiki moja moja, halafu unahama.

Sasa tuangalie mwili. Viwiko na nyuma ya magoti, hiyo ni ekzema yenyewe, kwa umri wake ndiko hupenda kukaa, na ule unene na weusi unaletwa na kujikuna kila siku. Na usingoje ule wekundu wa picha za intaneti, kwa ngozi yetu inakuja kahawia iliyokolea, zambarau ama kijivu, kuna hata wahudumu wanaoiona na kusema ni kidogo kumbe mtoto anateseka. Lakini shingo, kiuno, mapaja na mdomo hizo ni sehemu zinazoguswa na kitu. Tuulize ni nini kinagusa hapo.

Nyuma ya mapaja ndipo anapokalia. Mtoto wa umri huo anashinda sakafuni, na wewe unapiga deki kila asubuhi na sabuni ya lavenda, na najua venye tunafanya, mtu anaongeza kifuniko kingine ndio nyumba inukie mpaka kwa mlango, halafu hakuna kupitisha maji safi juu eti sabuni ya deki haisuuzwi. Maji yanakauka, sabuni inabaki kwa simiti, Imani anakaa hapo na kaptura, akitoa jasho kidogo sabuni inalowa tena, na hapo ngozi yake inakutana nayo kutwa nzima. Siku nyingi piga deki na maji matupu. Ukitaka sabuni weka kidogo mara moja kwa wiki na upitishe maji safi mara ya pili, na mtandikie leso ama shuka kuukuu la pamba pale anapochezea. Ile polishi nyekundu ya sakafu ipakwe akiwa hayuko na ikauke kabisa kabla arudi. Spreyi ya mende vile vile. Usafi wako sijaukataa, nimekataa harufu.

Shingo na kiuno ni nguo. Fanya hivi jioni hii, chukua vesti ya Imani iliyofuliwa Jumamosi, iliyokauka na kukunjwa, itumbukize kwa karai la maji safi uifikiche kwa mkono. Ukiona povu, ama maji yawe meupe na yateleze kwa vidole, hiyo ndiyo sabuni mtoto amekuwa akivaa. Hata ubadilishe aina ngapi za sabuni ya unga, kama haitoki kwa nguo ni kazi bure. Na softena ndio mbaya zaidi kwa sababu kazi yake ni kubaki kwa kitambaa, imetengenezwa isitoke, kwa hivyo kwa nguo za huyu mtoto iondoe kabisa.

Mama fua usimgombeze. Maji yakiwa ni ya mtungi hakuna mtu atasuuza mara tatu, wewe mwenyewe ungemuuliza mbona anamaliza maji. Mwambie afue za mtoto kwanza, peke yake, kwa sabuni ya kipande au nusu ya ile ya unga anayozoea, azisuuze mpaka maji yabaki safi bila povu, na yale maji ya mwisho yasimwagwe, yaloweke jinzi za baba. Hapo hujapoteza mtungi. Kwa fungu hilo la mtoto ongeza shuka la kitanda, foronya na nguo yako ya kulala, si mnalala pamoja, uso wake unashinda kifuani mwako usiku mzima. Jiki isiguse nguo zake. Na mitumba, hata ikiwa safi namna gani, ifuliwe kabla ivaliwe.

Bado niko kwa nguo. Sweta la sufi lisikae kwa ngozi, weka tishati ya pamba yenye shingo ya juu chini yake, na suruali za mpira mkali wa nailoni badilisha na za kamba ama mpira mpana uliofunikwa na kitambaa. Halafu hii tabia yetu ya Nakuru ya kumvalisha mtoto kama anaenda kupanda Mlima Kenya! Vesti, tishati, sweta, marvini, blanketi zito, na amelala katikati ya watu wazima wawili. Joto na jasho ndivyo vinavyoamsha kuwashwa usiku, kwa hivyo mpunguzie, nguo moja ya pamba ya kulala na blanketi jepesi, kucha fupi kabisa, na mkipata hata godoro dogo la pembeni alale peke yake mtashangaa.

Mdomo ni mate, chakula na kupanguswa. Kabla hajala mpake petroliam jeli nyembamba kuzunguka midomo, mchuzi wa nyanya na machungwa yasiguse ngozi moja kwa moja, akimaliza mpanguse na maji na kitambaa laini. Weti waipsi weka kando. Nyingi zina manukato, na zingine zimewekwa kihifadhi kinachoitwa methylisothiazolinone, kilisumbua ngozi za watu mpaka Ulaya ikakipiga marufuku mwaka wa 2017 kwa vipodozi vinavyobaki kwa ngozi bila kusuuzwa. Geuza pakiti usome nyuma, maandishi ni madogo lakini yako.

Sasa Kakamega. Mvua ya kule ni karibu mara mbili ya yetu, hewa iko na unyevu, halafu mnatoka huko Januari mnaingia Nakuru kwenye kiangazi chenyewe, upepo na vumbi, ngozi inakauka hata ya mtu mzima. Huko alikuwa anashinda nje, hakuna simiti ya lavenda, maji ya kusuuza hayakuwa ya kununua, sidhani kama kulikuwa na softena, na kukhu kila akimshika alikuwa anampaka mafuta. Si jicho hilo mamangu. Ukimpigia simu mwambie hivyo hivyo, kwamba mafuta yake ndiyo yalisaidia na umeamua kufuata mkono wake, ni ukweli na atafurahi. Maombi mkubali. Ile chupa ya soda usimwogeshee, ngozi imepasuka na hatujui ni majani gani, na kitu cha kuchemshwa kikikaa kwa chupa siku nyingi kinaota vijidudu.

Borehole iache. Ni kweli maji mengi ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, lakini shida yake ni meno na mifupa ya anayekunywa, si vipele. Kwa bafu tatizo ni ile dawa ya kuua viini uliyoongeza, hiyo toa leo. Mwogeshe mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi, sabuni isiyo na harufu kwapani, matakoni na miguuni tu, mwili mwingine maji yanatosha. Usimsugue na taulo, mkaushe kwa kumgusagusa tu, na akiwa bado na unyevunyevu, hata dakika tatu zisipite, mafuta.

Mafuta gani? Petroliam jeli tupu isiyo na harufu, ama ile marhamu nzito nyeupe inaitwa emulsifying ointment, kemisti nyingi wako nayo na unaweza kuitumia hata kama sabuni ya kuogea. Kiasi ndicho watu wengi hukosea. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza unasema mtoto wa ekzema atumie gramu 250 mpaka 500 kwa wiki, yaani kopo zima la robo kilo kwa siku saba, ukilinganisha na vile sisi huchota kidole kimoja na kukitandaza mwili mzima utaona ni mbali sana. Paka asubuhi, paka baada ya kuoga, paka kabla alale, na mchana akianza kujikuna paka tena. Telezesha kuelekea chini vinyweleo vinavyolala, na chota na kijiko safi, mkono ukiingia kwa kopo unapeleka vijidudu. Mafuta ya zeituni wacha yakae jikoni, yamepimwa kwa ngozi na yakaonekana kuidhoofisha. Ya nazi, kama ni safi na bado unayo, malizia tu. Yale ya ng'ombe nusa, yakinukia weka kando. Losheni ya bei iliyoandikwa ni ya watoto, ukisoma nyuma ukute neno parfum ama fragrance, hiyo umelipia harufu. Kisha chagua moja na ukae nayo mwezi mzima bila kuhama, tafadhali. Ila jihadhari na moto, nguo na shuka zilizoloa mafuta hayo zinashika moto haraka, jiko la makaa na mshumaa viwe mbali naye.

Tuje kwa tyubu. Hizo tatu kwa moja huwa na steroidi (dawa ya kutuliza ngozi iliyochachamaa), dawa ya fangasi na antibaiotiki pamoja, na nyingi steroidi yake ni betamethasone ambayo ni kali kwa uso wa mtoto. Iliponya juu ya steroidi, ikarudi juu ngozi ilikuwa bado kavu na sabuni bado iko kwa vesti. Usoni simamisha. Kule kupauka kunaweza kuwa alama za ekzema yenyewe, zinarudi polepole, ama ni krimu, kwa hivyo beba tyubu yenyewe uende nayo kituo cha afya waione. Lakini pia usikimbie steroidi kabisa kama wengine wanavyofanya, ngozi ikichachamaa mafuta peke yake hayatoshi. Hydrocortisone asilimia 1 ndiyo huandikwa mara nyingi kwa uso wa mtoto, mwilini wanaweza kuongeza nguvu kidogo, kwa kawaida mara moja au mbili kwa siku kwa siku chache mpaka wiki mbili ngozi ilainike, kisha unasimama na mafuta yanaendelea. Kipimo ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole chako mpaka kiungo cha kwanza, huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Acha kama nusu saa kati ya krimu na mafuta. Na dawa ya maji ya mafua, ile ya kuleta usingizi, haitibu ekzema, inamlaza tu.

Baba Imani mwambie maziwa na mayai yabaki. Mtoto wa miaka miwili ukimnyima vyote kwa kubahatisha unamnyima chakula cha kukua, na watoto wengi wa ekzema hawana shida na chakula. Ingekuwa ni yai mara nyingi ungeona ndani ya dakika chache ama saa mbili hivi, midomo inavimba, anatapika, mwili unatoka mabaka yanayovimba, na hiyo ni ya kupelekwa kwa daktari.

Nikuulize na wewe, baba yake pia anajikuna? Kama ninyi wawili mmeanza kuwashwa usiku, vipele katikati ya vidole na kwa vifundo vya mikono, huenda kuna upele wa wadudu juu ya ekzema, na huo unatibiwa nyumba nzima siku moja la sivyo mnarudishiana. Waambie kliniki.

Hii nayo usiichukulie polepole. Ngozi ikitoa maji ya manjano na kuganda kama asali iliyokauka, ikawa ya moto na kuuma, kituoni siku hiyo hiyo. Na ukiona malengelenge madogo yaliyojikusanya ama vidonda vidogo vya mviringo kama vilivyotobolewa, na ana homa au amelegea, usingoje asubuhi, nenda PGH, ile hospitali kuu ya Nakuru, hata ni usiku, hicho ni kirusi kile kile cha vidonda vya midomo na kwa mtoto wa ekzema kinaenea vibaya. Mtu mwenye kidonda cha mdomo asimbusu, hata kama ni mgeni wa heshima.

Na huyo anayekuja, hongera. Kwa sababu dada yake anayo ekzema, uwezekano uko juu kidogo, lakini wengi huzaliwa kwa familia hizo na hawapati. Kumpaka mafuta kila siku tangu kuzaliwa ili kuizuia kumejaribiwa Uingereza kwa watoto wachanga 1,394, matokeo yakatoka 2020, na waliopakwa waliipata karibu sawa tu na wasiopakwa. Kwa hivyo usiingie gharama mapema. Ukiona ngozi yake imeanza kukauka hapo ndipo unaanza kupaka, na utachota kwa kopo lile lile la Imani, hakuna haja ya kununua lingine lenye picha ya mtoto.